Tukimaliza bonde, maziwa tutayatoa wapi?

Ndugu zangu wa Nakivale, mnajua vile kiangazi kinakuwa hapa Isingiro. Majani ya mlimani yanakauka yote, ng'ombe wanateremka bondeni kwenye mafunjo ya ziwa juu huko ndiko majani mabichi yanabaki. Mama mwenye ng'ombe wawili anakamua lita chache, anaacha kikombe cha watoto, yanayobaki anampa kijana wa bodaboda akauze. Pesa ile ndiyo posho na maharage ya jioni.

Sasa bonde tunalilima mpaka majini. Sisemi ni roho mbaya. Mwezi wa 5 mwaka 2025 WFP ilikata chakula cha wakimbizi milioni 1 hapa Uganda. Mtu mwenye watoto atakaaje akiangalia udongo mweusi wenye maji? Mimi pia nililima nyanya kule na nikavuna vizuri. Msimu uliofuata ziwa lilipanda, hata jembe sikuliona tena.

Lakini ile bustani yangu ilifunga njia ya ng'ombe wa jirani. Akawa anazunguka mbali, maziwa yakapungua, watoto wake wakarudi kwenye chai ya rangi. Tukagombana. Watu wakasema ni mambo ya kabila, kumbe wote wawili tulikuwa tunatafuta chakula.

Bonde letu, pamoja na la Mburo, limo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2006. Sawa, ila orodha haizuii jembe.

Mimi naona tuache ukanda wa mafunjo ukingoni, na njia ya ng'ombe ipimwe kabla mtu hajapanda. Viwanja vyetu ni vidogo, lakini mipaka iko: tupande mabingobingo pale, tukate tuwapelekee ng'ombe. Mfugaji naye atoe samadi kwa mlimaji, shamba la juu lizae, asipate sababu ya kushuka. Na ninyi wenye ng'ombe, maziwa ya jioni msiuze yote. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo si ngeni hapa, na ikitangazwa soko la mifugo linafungwa. Siku hiyo hata ng'ombe huwezi kumuuza ununue unga.

Jumamosi kijiji chetu kinakutana kuhusu njia ile. Jirani yangu amesema atakuja. Mimi nitaleta kamba ya kupimia.