Daftari la Wiki: Moshi, Risasi na Maiti Mkaidi

Moshi wa mzimu jukwaani hutengenezwa kwa barafu kavu, yaani hewa ya kaboni iliyogandishwa hadi nyuzi 78 chini ya sifuri, kisha ikatumbukizwa katika maji ya moto. Ukungu unajikokota sakafuni kwa kuwa hewa hiyo ni nzito, mzimu unajitokeza, na waliokaa mbele wanapiga kelele halafu wanacheka.

Mtu wa Goma akielezwa siri hiyo hacheki sana. Hewa ileile hutoka ardhini kandokando ya Ziwa Kivu, hasa upande wa kwenda Sake, ikajikusanya mabondeni usiku pasipo upepo. Hapa Goma huitwa mazuku. Haina rangi wala ukungu wa kuitangaza. Mbuzi na watoto ndio walio hatarini zaidi, maana pua zao ziko karibu na ardhi. Watunzi wa hadithi za kutisha wamebuni majini ya kila aina, lakini hata jini lina adabu ya kujionyesha.

*

Mazingaombwe nayo yana faili lake Kongo. Tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, Mmarekani mweusi George Washington Williams alimwandikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji barua ya wazi. Humo anaeleza jinsi machifu walivyolaghaiwa hadi wakatoa ardhi zao kwa mikataba. Mzungu alificha betri za umeme ndani ya koti. Akimpa chifu mkono, chifu anashangaa nguvu zinazomtikisa. Au alijifanya kupakia bunduki, kumbe risasi ameichomeka kwenye mkono wa nguo, kisha akamsihi chifu ampige. Bunduki ikalia. Mzungu akainama, akaitoa risasi kiatuni!

Mchezo wa risasi ni wa zamani kwa wanamazingaombwe wa Ulaya. Miaka 34 kabla ya barua hiyo, Ufaransa ilimtuma mwanamazingaombwe Jean-Eugène Robert-Houdin huko Algeria na sanduku ambalo hata mwenye misuli hakuweza kuliinua, kwa sababu lilishikwa na sumaku ya umeme. Mtazamaji wa Paris alikata tiketi akijua anachezewa. Chifu wa Kongo aliambiwa ni kweli, na tiketi yake ilikuwa ardhi.

*

Mtu wa jukwaa aliyeijua hofu ya mtazamaji asiyekata tiketi kwa hiari ni Sony Labou Tansi. Alizaliwa mwaka 1947 Kongo ya Wabelgiji, akafanya kazi ng'ambo ya mto Kongo. Mwaka 1979 alianzisha kundi la Rocado Zulu Théâtre mjini Brazzaville, na mwaka huohuo ikatoka riwaya yake La Vie et demie. Inafunguka mezani: mtawala yuko kwenye nyama yake, na kwa kisu hichohicho cha chakula anamkatakata mpinzani, Martial, ambaye anakataa kufa. Familia yake inalazimishwa kutazama, kisha kula. Ni riwaya, lakini jicho ni la mwongozaji: meza moja, kisu kimoja, na watazamaji wasioruhusiwa kutoka.

*

Anayetaka kitu cha kuigiza kwa Kiswahili achukue tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1971. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo: mmoja shetani, mwingine binadamu. Baadaye Kitaru anaanza kusumbuka, na nyumbani kwao wanahangaika. Haihitaji barafu kavu wala sanduku la sumaku. Kundi lolote la Goma laweza kuiigiza uani kwa taa moja, mradi siku hiyo umeme upo.