Mwisho wa wimbo anaujua nani?

Jumamosi iliyopita tulikuwa na shughuli ya ukoo hapa Tukuyu. Baada ya kula, wazee wakatoa ngoma zao kubwa, ing'oma ikaanza, na binti yangu wa miaka 13 akachukua simu akarekodi. Jioni akaniuliza, "Mama, wale babu walikuwa wanaimba nini?"

Nikakosa jibu. Sokoni napatana bei ya ndizi kwa Kinyakyusa bila shida, lakini maneno yale ya zamani yalinipita.

Nikampeleka kwa mama yangu. Alicheka kwanza, kisha akasema enzi za utoto wake nyumbani kwao ngoma zilikatazwa, zilionekana mambo ya wasiosali. Alizisikilizia kwenye migomba, kwa kujificha! Alituimbia tatu. Ya tatu ikamkatikia katikati. Aliyeujua mwisho wake ni mama mkubwa, na tulimzika mwaka juzi.

Miaka ya 1930 wasomi wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikuja Rungwe kuchunguza maisha ya Wanyakyusa. Waliandika kwamba msibani wanawake walikuwa wakilia huku wanaume wakicheza ngoma na mikuki mkononi, yote uwanja mmoja. Ngoma ilikuwa sehemu ya kuzika, tofauti na tunavyoichukulia leo kama burudani ya wageni. Kazi hiyo hawakuifanya peke yao. Walisaidiwa na wenyeji, akiwemo karani Leonard Mwaisumo. Karatasi za akina Wilson zimetunzwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Nashukuru zipo, ila mjukuu wa Rungwe kumfuata babu yake hadi Cape Town ni safari, na akifika atakuta maandishi, sauti hakuna.

Siku hizi tuna tamasha la ngoma za asili la Tulia papa hapa Tukuyu. Nalipenda, maana limewafanya vijana wasione aibu kucheza. Lakini jukwaani watu wanatazama miguu na sare. Wimbo ulitungwa kwa ajili ya nani, na nani alikuwa akiuanzisha, hayo yanajulikana nyumbani kwa wazee.

Wazazi wenzangu, simu mnazo. Ombeni ruhusa kwanza, kwa sababu zipo nyimbo za msiba ambazo mzee hataki ziimbwe sebuleni, na hapo msimlazimishe. Mtoto aanze kwa kutaja jina la mwimbaji, kijiji na tarehe. Aulize wimbo unaimbwa wakati gani, nani huanza na nani huitikia. Maneno yaandikwe kwa Kinyakyusa kwanza, Kiswahili kifuate, maana ukianza na Kiswahili, mzee naye ataanza kukurahisishia. Kisha nakala ipelekwe kwa ndugu wawili watatu. Mimi sauti ya baba yangu ilikuwa kwenye simu moja tu, ikaangukia kwenye ndoo ya maji.

Mama anasema yuko bibi mmoja huko Masoko waliyekuwa wakichota naye maji, huenda akaukumbuka ule mwisho. Jumapili tunakwenda watatu. Sukari na sabuni tumeshanunua, na binti yangu anajifunza kusema "ndaga fijo" bila kucheka.