Staa, Chuma Umenunua, Helmeti Je?

Wadau, ile klipu mmeshaiona, msijifanye. Staa wetu mmoja (jina nalihifadhi, ingawa najua mmeshamjua) yuko juu ya pikipiki kubwa ya cc 1000, usiku, barabara nyeupe, kavaa pensi na ndala za bei mbaya, kichwa wazi, rasta zinapepea. Nyuma kuna binti kamkumbatia kiuno, naye kichwa wazi. Sauti ya ekzosi inapasua spika ya simu. Watu wamemmwagia sifa zote: mkali, mzee wa mwendo, anajua kula maisha.

Mimi nina neno. Na kabla hamjaniita mnoko au mwenye wivu, niseme wazi kwamba hizi pikipiki nazipenda sana. Jumapili asubuhi wale jamaa wa vyuma vikubwa wakipita Barabara ya Bagamoyo kwa msururu, chai yangu inapoa. Kwa hiyo sisemi auze. Nasema mtu aliyetoa mamilioni kununua chuma, akaongeza mengine kwenye ekzosi, taa za rangi na stika, halafu helmeti mbili zikamshinda, huyo kapanga matumizi yake kichwa chini miguu juu. Na si yeye peke yake. Ugonjwa huo umeingia mpaka kwa vijana wanaojiundia magari na pikipiki uani, nitafika huko.

Kwanza tuelewane ni kitu gani hicho alichokalia. Boxer ya bodaboda ina nguvu za farasi kama 12 hivi. Toyota IST ya cc 1300, ile iliyojaa mjini, haifiki 90. Pikipiki ya mashindano ya cc 1000 inacheza kwenye 180 mpaka 200, na uzito wake ni kama kilo 200 tu. Yaani chukua nguvu za IST mbili, ziweke kwenye kitu ambacho uzito wake ni sehemu ya tano ya IST moja, halafu mpandishe mtu mwenye ndala. Kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa inachukua sekunde kama 3. Hujamaliza kusema "shikilia vizuri".

Ukiwa kwenye 100, kila sekunde unakula mita 28. Bajaji isiyo na taa ikikatiza mbele, sekunde ya kwanza inaishia kwenye kushtuka, na mita 28 zimeshakwenda bure. Ukianza kubana breki, lami kavu, tairi zima, mkono unaojua kazi, unahitaji mita 40 na zaidi kusimama. Sasa sikilizeni hapa: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwenye 200, ukijumlisha na ile sekunde ya kushtuka, unahitaji urefu wa viwanja viwili vya mpira. Taa yako ya mbele haimuliki viwanja viwili vya mpira, bwana staa. Unakimbilia gizani.

Halafu kuna suala la breki ambalo wengi hawalisemi. Wengi wetu tulijifunzia kwenye pikipiki ndogo, na mtaani mafunzo ya kwanza ni kwamba breki ya mbele usiiguse, itakupindua. Mtu anakua akikanyaga ya nyuma tu. Akihamia kwenye chuma kikubwa anahama na tabia yake. Lakini pikipiki ikishikwa breki uzito wote unakuja mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi, na ukilikanyagia kwa hofu linaganda na kuanza kuteleza pembeni. Kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki inafanywa na breki ya mbele, kwa kuibana taratibu kisha kuikaza. Hilo linafundishika kwenye uwanja mtupu kwa asubuhi moja, ukianza na mwendo wa 30. Wangapi kati ya hawa mastaa wetu wameitumia hiyo asubuhi? Ulaya kijana hapewi chuma kikubwa hivi hivi. Anaanza na 125, kisha daraja la kati lenye kikomo cha kilowati 35, ambazo ni kama farasi 47, anakaa nalo miaka 2 ndipo aruhusiwe kubwa. Asiyetaka kupitia ngazi hizo anasubiri mpaka afike miaka 24. Huku kwetu unatoka Boxer Ijumaa, Jumamosi uko juu ya farasi 200.

Kuna staa mwingine, huyu namtaja kwa sababu ni wa zamani na habari yake iko wazi. Mwingereza T. E. Lawrence, yule wa filamu ya mwaka 1962 ya Lawrence wa Arabia, inayoanza na yeye akiwasha pikipiki yake. Alikuwa mgonjwa wa pikipiki hasa. Alimiliki Brough Superior kadhaa, moja baada ya nyingine, na hizo ndizo zilikuwa pikipiki za kifahari za Uingereza enzi hizo. Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumbani kwake Dorset, alikutana ghafla na vijana wawili wa baiskeli, akawakwepa, akarushwa. Hakuwa na helmeti, maana wakati ule karibu hakuna aliyevaa. Alikaa siku 6 bila fahamu, akafa akiwa na miaka 46.

Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo. Lile jambo halikumtoka. Vita ya Pili ilipoanza, akaanza kufuatilia askari wa Uingereza waliokuwa wanapeleka barua kwa pikipiki, maana walikuwa wanakufa sana kwa ajali, na akaangalia waliovaa kofia ngumu na wasiovaa. Mwaka 1941 akachapisha alichokiona, na mwaka huohuo jeshi likaamuru wapanda pikipiki wake wavae. Kwa raia wa kawaida wa Uingereza sheria ilisubiri mpaka 1973, miaka 38 baada ya kifo cha Lawrence. Siku hizi hatubahatishi tena. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kama ungepewa dawa yenye takwimu hizo ungepanga foleni kuanzia saa kumi alfajiri.

Ila helmeti yenyewe iwe helmeti. Zile za kijiweni zenye plastiki nyembamba na sponji kama ya godoro ni za kumwonyesha trafiki. Helmeti ya kweli ndani ina povu gumu, ukibonyeza kwa kidole halibonyei kirahisi, maana kazi yake ni kupondeka lenyewe badala ya fuvu lako. Likishapondeka mara moja limekwisha, ndiyo maana helmeti iliyowahi kuanguka nayo mtu haivaliwi tena hata kama rangi inang'aa, na ya mtumba hujui imetoka kwenye kichwa cha nani. Tafuta alama ya E ndani ya duara yenye namba ya nchi pembeni, japo stika siku hizi zinachapishwa popote. Ivae, funga mkanda, jaribu kuivuta itoke kwa nyuma. Ikitoka, haina faida. Kuvaa bila kufunga mkanda ni kama kuibeba kwenye mfuko.

Na ifunike kidevu. Jamaa mmoja wa misafara ya Jumapili alianguka kwenye kona yenye mchanga, mwendo wa kawaida kabisa, hata 60 haukufika. Helmeti yake sehemu ya kidevu ilisagika mpaka povu likaonekana. Yeye alirudi kwenye gari la rafiki yake, anachechemea na kulaumu mchanga. Piga hesabu kile kidevu cha plastiki kingekuwa cha nyama.

Haya, mafundi wa uani. Nyie ndio nawapenda kuliko hata mastaa. Kijana anachukua TVS chakavu, anaikata fremu nyuma, anaweka siti fupi na tenki la rangi ya shaba, inatoka kitu utadhani ya Italia. Mwingine anachomelea mabomba, anafunga injini ya pikipiki, anapata kigari cha mchangani. Ni akili na mikono, na magari makubwa ya dunia yalianza hivyohivyo. Colin Chapman alitengeneza gari lake la kwanza mwaka 1948 kutoka Austin 7 kuukuu, kwenye kibanda cha gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake huko London. Ndiyo ikawa Lotus. Mwaka 1957 akatoa Lotus Seven, ambayo mtu aliweza kuinunua vipandevipande akaenda kuiunga nyumbani.

Ila ukiwatembelea hawa wetu, cha kwanza utakachoonyeshwa ni injini. Cha pili ni sauti. Ukiuliza breki, unaambiwa "zipo". Zipo zipi? Zilezile za ngoma zilizokuja na pikipiki ya cc 125, na sasa umefunga injini yenye nguvu mara mbili. Fremu umeikata karibu na pale inaposhika shokapu, na weldingi kaifanya jirani anayechomelea mageti. Geti likiachia unaligonga nyundo. Wa magari nao wanakata springi kwa grainda ili Mark II ilale chini ipendeze. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake gari likiruka tuta, na tairi linaanza kusugua mpira wa breki. Sitaki hata kuanza na wale wanaochomelea tairodi. Kitu chochote cha stelingi kikivunjika kinanunuliwa kingine, hakiungwi. Na tairi, soma zile namba nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mazima huku mpira umeshakuwa mgumu kama sahani.

Huko Uingereza kwenyewe, gari la kujiundia halipati namba mpaka mkaguzi alipitie moja moja: breki, stelingi, mikanda imefungwa wapi, sauti, hata kona kali za bodi zinazoweza kumkata mpita njia. Sisi tuna ile stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, na stika haikazi breki. Kwa hiyo kabla ya kuingiza mashine yako barabarani, mwite fundi asiye rafiki yako, mlipe, aseme ubaya wote. Rafiki atasifia rangi.

Na wewe binti wa kwenye klipu, kama unasoma hapa. Dereva walau ameshika usukani, anaona tuta linakuja, wewe nyuma huoni chochote zaidi ya mgongo wake. Siku akija tena kukuchukua, kabla hujanyanyua mguu muulize helmeti yako iko wapi. Akikuambia "tunaenda hapo karibu tu", mwache aende hapo karibu, wewe ita bajaji.