Kikulacho betri kimo garini mwako

Wadau, leo nina ugomvi. Nina ugomvi na mafundi wetu wa umeme wa gari, nina ugomvi na sisi wenye gari, na nina ugomvi na maneno tuliyoyazoea hapa Jadida na Wete nzima: "Betri imekufa, nunua nyengine."

Nani kaipima? Hapo ndipo watu wanapoangaliana. Fundi kafungua boneti, kapiga stata mara moja, kasikia tk-tk-tk, kesha hukumu. Mita hakutoa. Swali hakuuliza. Na mwenye gari naye anakwenda dukani, analipa, anarudi anatabasamu. Wiki ya pili betri mpya imelala. Sasa inatukanwa: "Betri za siku hizi feki!"

Zipo feki, sikatai. Na betri nzima nayo huchoka, aghalabu baada ya miaka 3 hadi 5, na joto letu linaiwahisha. Lakini betri 2 kufa ndani ya miezi michache kwenye gari moja, jamani, hapo mshitakiwa si betri tena.

Nyumbani tuna mita za TUKUZA. Ukitia yuniti, ukafunga nyumba ukenda Unguja siku 3, ukirudi ukakuta zimekwisha, utanunua mita mpya? Hata! Utauliza: nani kaacha nini kinawaka? Basi kwa nini akili hiyo tunaiacha mlangoni tunapoingia kwenye gari?

Gari iliyozimwa haiachi kabisa kula umeme. Saa inakula, kumbukumbu ya redio inakula, alamu na kompyuta vinakula. Hiyo ni halali yao. Kwa gari nyingi za zamani, ulaji usiozidi miliampea 50 hauna neno; betri ya ampea-saa 45 ingechukua zaidi ya mwezi kumalizwa hivyo. Lakini ulaji ukifika nusu ampea, kwa siku moja zimekwenda ampea-saa 12. Siku ya pili usiku nusu ya betri imeshaliwa na stata inaanza kusuasua. Siku ya nne hakuna kitu. Taa ndogo tu ya buti, ya wati 5, ikibaki inawaka kwa sababu swichi yake imekufa, inakula karibu ampea-saa 10 kwa siku. Na nani anaiona taa ya buti lililofungwa?

Halafu kuna redio. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, na redio zake za zamani zinaishia 90 kwenye FM, kwa hivyo tunazing'oa tunatia nyengine. Redio ya dukani huwa na waya wa manjano wa umeme wa kudumu na mwekundu wa kupitia swichi. Anayefunga ovyo anaziunga pamoja, na redio hailali tena. Jirani yangu mmoja, dereva wa teksi, alinunua betri 2 kati ya Ramadhani na Mfunguo Tatu. Mbaya wake alikuwa waya mmoja wa redio. Betri zote 2 zilikuwa hazina kosa, maskini!

Dawa yetu nyengine maarufu ni kufungua kichwa cha betri kila usiku. Ukifanya usiku mmoja kwa kupima, ni akili: chaji betri ijae, ifungue, ilale. Ikiamka na nguvu zake, na ukiirejesha ikalala tena, basi mwizi yumo garini. Lakini kuifanya ndiyo desturi ya miaka ni kumwachia mwizi nyumba na kuhama wewe.

Sasa kupima kwenyewe, ili mtu asikudanganye. Kwanza volti: betri iliyojaa na iliyopumzika inasoma kama 12.6, na gari ikiwaka inapanda hadi baina ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, tatizo ni kuchaji. Ikipanda vizuri, tafuta ulaji. Zima kila kitu, fungua kichwa cha hasi, weka mita kwenye ampea 10, iunge baina ya kichwa hicho na waya wake. Usiwashe gari wala taa kubwa wakati mita imo, utaiunguza. Funga milango, subiri nusu saa, gari nyengine hata saa nzima, mpaka kompyuta zilale. Kisha soma. Ikiwa juu, chomoa fyuzi moja moja. Ile itakayoishusha mita ndiyo iliyomshika mwizi. Fyuzi zote zikikataa, angalia vilivyoungwa moja kwa moja kwenye betri: alamu, muziki, taa za kuongeza. Na usiisahau alteneta, kwani dayodi yake ikiharibika inanyonya betri kupitia waya mnene.

Ni kazi ya saa mbili. Na hapa nawageukia wenye gari. Fundi mmoja aliniambia: nikipima saa mbili nikakuta waya tu, mteja ananipa pesa ya soda, nikimbadilishia betri, ananilipa bila ya maneno. Amesema kweli! Tunalipia chuma, hatulipii akili. Fundi anayetafuta tunamwona mvivu, anayebadilisha tunamwita hodari. Basi tusishangae mafundi wa kupima wakipungua.

Na betri tunayoitupa haipotei. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na lazima iyeyushwe mahali. Majirani zetu wa Mombasa wanajua maana yake. Mtaa wa Owino Uhuru uliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mwanawe akadhurika, aliongoza mapambano. Kiwanda kilifungwa 2014, na 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Sisemi betri za Wete zilifika huko. Nasema kila betri inayouliwa bure ni risasi zaidi ya kwenda kuchomwa karibu na mtoto wa mtu.

Kuna na la hapa hapa mtaani. Saa nane za usiku, mama kashikwa na uchungu, anagongewa jirani mwenye gari. Gari hiyo ni ya otomatiki, hata kuisukuma haiwaki. Hapo ndipo utajua bei ya waya wa redio.

Kwa hivyo wadau, fundi akikwambia nunua betri, mjibu kwa adabu: "Fundi, nioneshe mita." Akikuonesha, mlipe saa zake kama unavyolipa betri. Asipokuwa na mita, funga boneti yako, tafuta mwengine.