Sauti za zamani za redio: tusingoje kompyuta ife

Tarehe 22 Mei 2021 volkano Nyiragongo ililipuka, na siku chache kisha wakaaji wengi wa Goma wakaambiwa watoke mjini. Kila mtu alibeba alichoweza: watoto, godoro, sufuria. Januari 2025 vita vikaingia mjini, watu wakakimbia tena. Katika hali kama hiyo, nani anafikiria kubeba kompyuta ya studio?

Lakini ndani yake mna sauti za miaka mingi: mzee aliyesimulia namna mashamba yaligawanywa, mama aliyeeleza vile kijiji chake kilichomwa. Hata bila vita, sauti hizo ziko hatarini. Saa moja ya kipindi katika MP3 ya kilobiti 128 inakula karibu megabaiti 58; ikibaki WAV, inapita megabaiti 600. Kompyuta inajaa, inaanza kuchelewa, na fundi anafuta vya zamani ili apate nafasi ya habari za leo.

Ndiyo maana redio zetu zingefaa kupeleka faili zisizotumika sana kwenye wingu, maana yake kwenye kompyuta kubwa za kampuni zilizo mbali, tunazozifikia kwa intaneti. Studio inabaki na vipindi vya wiki hizi tu. Kuko hata hifadhi ya bei ndogo kwa faili zinazofunguliwa mara chache. Sharti lake ni kwamba ukizitaka tena unaweza kungoja saa kadhaa, na kulipa kidogo. Kwa kipindi cha 2015, hiyo si shida. Kwa habari za jioni hii, ni shida kubwa. Basi kazi ya kwanza ni kuchagua.

Mtu atasema: mega ni ghali, umeme unakatika. Ni kweli. Kwa hiyo tubane faili kuwa MP3 kwanza, kisha tutume kidogo kidogo, kila siku umeme ukiwepo. Google inatoa gigabaiti 15 bure, karibu saa 250 za MP3 hiyo. Lakini akaunti isiyotumiwa miaka 2 inaweza kufutwa, na nafasi ya kulipia inapotea bili isipolipwa. Neno la siri lisibaki kwa fundi mmoja tu. Akihama, sauti zote zinahama naye.

Tena kuna jambo zito kuliko pesa. Shahidi aliyetuamini na jina lake hakuliweka mikononi mwa kila mtu. Ushuhuda kama huo ufungwe kwa neno la siri kabla haujapanda kwenye wingu, na nakala nyingine ikae kwenye disiki, nje ya studio.

Nyumba ya redio ikiungua, tunaweza kujenga nyingine. Mzee aliyekwisha kufariki hatarudi kwenye mikro.