Mashine, Kanuni na Usanii

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba picha dhahania zizalishwazo kwa kompyuta si sanaa, kwa kuwa hazikuchorwa kwa mkono. Chuki dhidi ya mashine yaeleweka: mnamo Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walichoma mashine za kuchumia majani chai, wakitetea kazi za wachumaji. Lakini riziki ni suala moja, na uhakiki ni jingine. Vera Molnár, aliyeanza kuchora kwa kompyuta mwaka 1968, alitunga kanuni, akaivuruga kidogo kwa makusudi, kisha akateua. Mshairi naye hujiwekea mizani na vina kabla ya kutunga. Nani amemnyima usanii? Mhakiki asiyechunguza kanuni na uteuzi hajahakiki, amelalamika tu.