Historia Ngumu Ifundishwe Darasani

Mwezi Mei 2025 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wanaliita la Wamormoni, liliweka wakfu hekalu la Nairobi. Kinshasa walipata la kwao mwaka 2019. Wenzi wengi Wakenya na Wakongo wanaounganishwa humo leo wasingeruhusiwa kabla ya Juni 1978, kwa sababu moja tu: ni weusi wenye asili ya Afrika.

Kijana wa Kanisa hilo atalikuta jambo hili kwenye simu yake, atake asitake. Sisi tunasema alisikie kwanza darasani, kwa mwalimu wake wa Shule ya Jumapili au wa seminari, yaani masomo ya dini ya vijana, tena kwa majina na tarehe.

Aambiwe habari za Elijah Abel, mtu mweusi aliyetawazwa katika ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, akiwa hai. Aambiwe kwamba mwaka 1852 mrithi wa Smith, Brigham Young, alitangaza huko Utah kuwa wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawatatawazwa tena. Katazo hilo liliwafungia hekalu pia: Abel aliomba baraka za hekaluni, akanyimwa. Hata hivyo aliendelea kulihubiri Kanisa lake mpaka uzeeni. Aambiwe pia habari za Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyetembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kujiunga na waumini wenzake katika mji wa Nauvoo. Naye aliomba baraka hizo, akarudia kuomba, na alipofariki mwaka 1908 alikuwa bado hajazipata. Hao ni watu wa imani, na kuwaficha ni kuwadhulumu mara ya pili.

Mwalimu anaponyamaza, wanafunzi hutafuta maelezo penginepo. Kwa miaka mingi waumini walielezana kwamba watu weusi wamebeba laana ya Kaini, au kwamba roho zao zilikosa ushujaa kabla ya kuzaliwa. Desemba 2013 Kanisa lilichapisha maandishi yanayoyakataa maelezo hayo waziwazi. Lakini mwaka 2020 kitabu cha mafunzo kilichochapishwa kwa ajili ya waumini kilibeba tena fikra ya kale kuhusu ngozi nyeusi na laana, na kiongozi mmoja wa juu akalazimika kueleza masikitiko yake hadharani. Kosa lililokwisha kukanwa lisingepenya kirahisi hivyo kama madarasa yangekuwa yanalizungumza.

Wapo watakaosema darasa la Jumapili ni la kujenga imani, na dakika hamsini hazitoshi kwa mabishano. Tunaelewa hofu hiyo. Mwalimu ni mtu wa kujitolea, hakusomea historia. Ila imani ya kijana haivunjwi na mwaka 1852. Inavunjwa siku anapogundua kwamba watu aliowaamini walijua na hawakumwambia. M. Russell Ballard, aliyekuwa mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa Kanisa, aliwaambia walimu wa seminari mwaka 2016 kwamba zama za kumjibu mwanafunzi asijali swali lake zimepita, akawataka wayafahamu vizuri maandishi ya Kanisa kuhusu masuala haya. Ruhusa basi ipo, imetoka juu.

Wasiishie hapo. Maandishi ya Kanisa ya mwaka 2014 yanakiri kwamba mmoja wa wake wa Joseph Smith alikuwa hajatimiza miaka 15. Mauaji ya Mountain Meadows ya Septemba 1857, ambamo Wamormoni waliwaua wasafiri wapatao 120, wanawake na watoto wakiwemo, yameandikwa kwa kina na wanahistoria wa Kanisa lenyewe.

Pa kuanzia pako mikononi mwa kila muumini. Tamko Rasmi la 2, lililoondoa katazo la ukuhani mwaka 1978, limo mwishoni mwa Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vya maandiko vya Kanisa. Darasa linaloshangilia tamko hilo bila kutaja katazo lilianza lini na nani alilitangaza limesoma nusu ya habari. Na mwanafunzi akiuliza kama katazo lile lilitoka kwa Mungu, mwalimu asibadilishe mada wala asibuni jibu. Aseme kwamba waumini wenyewe hawakubaliani juu ya hilo, awasomee yaliyoandikwa mwaka 2013, kisha awape nafasi waseme, akianza na wale ambao babu zao wangekataliwa.